Vinara wa Mawe: Madini Mapya Yaliyotambuliwa Ardhini Kwetu

Kokoto zinazomwagwa kwenye viwanja vya ujenzi hapa Segerea zimejaa madini, ila yote yalishapewa majina zamani. Kupata madini mapya kabisa ni kazi nyingine. Mtafiti lazima athibitishe kemikali zake na mpangilio wa atomi zake, kisha wataalamu wa Shirikisho la Kimataifa la Madini wapige kura. Duniani kote yaliyopita mchujo huo ni zaidi ya 6,000 kidogo. Tanzania ina yake, na haya ndiyo vinara.

Yenye jina kubwa kuliko yote: nyerereiti
Yalipitishwa mwaka 1963 na kupewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Ni kabonati ya sodiamu na kalisi kutoka Ol Doinyo Lengai, volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kabonati.

Yaliyozaliwa katika lava baridi kuliko zote: gregoriti
Lava ya Lengai hutoka ikiwa na nyuzijoto kati ya 500 na 600 hivi, wakati lava ya kawaida hufikia 1,100 na zaidi. Hutoka nyeusi, kisha hugeuka nyeupe kwa sababu nyerereiti na mwenzake gregoriti huharibiwa na unyevu. Kipande kikiachwa wazi Segerea wakati wa masika, hakitadumu.

Ya zamani kuliko wenzake katika orodha hii: yoderiti
Madini haya ya zambarau yalielezwa mwaka 1959 kutoka kilima cha Mautia, Kongwa.

Mwaka wa neema kuliko yote: 1967
Mwaka huo tanzanaiti ilijulikana Mirerani, na Kenya ikapata mawili kwa mpigo kutoka Ziwa Magadi: magadiiti na kenyaiti, yaliyoelezwa na mtafiti Hans Eugster.

Maarufu kuliko yote, lakini si madini mapya: tanzanaiti
Kitaalamu ni zoisiti iliyotiwa rangi na vanadiamu. Hilo haliipunguzii thamani. Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliuza mawe mawili, la kilo 9.27 na la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7.

Yaliyojificha kuliko yote: merelaniiti
Kwa karibu miaka 50 wachimbaji walitafuta tanzanaiti Mirerani huku madini haya yakiwa humohumo, nyuzi za kijivu nyembamba kama nywele. Ndani yake tabaka za molibdenamu, risasi na salfa zimeviringana. Mtafiti John Jaszczak na wenzake waliyatambua mwaka 2016, na shirikisho likayatangaza Madini ya Mwaka huo. Jina lake linawaenzi wachimbaji wa Mirerani. Kwangu mimi haya ndiyo kinara wa vinara, maana heshima imewafikia wanaapolo, wachimbaji hao walioshuka mashimoni.

Machimbo hayohayo yametoa pia richadsiti, yenye galiamu ndani yake. Bado kuna mengine. Mwanafunzi wa Segerea unayependa kemia na fizikia, jiolojia inafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Isome, ili madini mapya yajayo ya Tanzania yaelezwe na Mtanzania.