Kabla ya Kumwita Fundi wa Intaneti

Intaneti ya nyumbani ikikatika, wengi wetu hapa Tunduma hukimbilia kwa fundi na kulipa fedha ambazo zingebaki mfukoni. Hebu tutafute chanzo kwanza.

Jambo la kwanza, uliza jirani anayetumia mtandao uleule. Ikiwa naye amekwama, kosa si la kompyuta yako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikayumba sehemu kubwa ya nchi. Siku ile fundi asingefaa kitu.

Ikiwa jirani anapata, chomoa modemu katika umeme, hesabu hadi thelathini, kisha uirudishe. Angalia kifurushi kama hakijakwisha. Tazama pia tarehe ya kompyuta: ikipotoka, kurasa nyingi hukataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vina muda maalumu.

La mwisho ni letu sisi watu wa mpakani. Nakonde ya Zambia iko hatua chache tu, na mawimbi hayasimami forodhani. Laini yako ikinasa mnara wa ng'ambo, kifurushi cha nyumbani huenda kisifanye kazi, au salio likaliwa kwa bei ya ugenini. Ingia kwenye mipangilio, chagua mwenyewe mtandao wa Tanzania, na uzime data ya ugenini.

Yote yakishindikana, ndipo umwite fundi. Naye mweleze uliyokwisha kujaribu, asije akakutoza kwa kuzima na kuwasha.