Omo na Tezi Angani: Mzunguko wa Uwanja kwa Rubani wa Kompyuta

Mwanagenzi anayejifunza urubani kwa programu ya kompyuta, mathalan Microsoft Flight Simulator au FlightGear, huweza kupaa siku ya kwanza. Kinachomshinda ni kurudi. Viwanja vidogo vina njia moja ya kukaribia, yenye umbo la mstatili, ili kila rubani ajue mwenzake yuko wapi.

Kiingereza huziita pande za mstatili huo kwa kuzingatia upepo, na tafsiri sisisi kama vile "chini ya upepo" humpotosha msomaji, maana hakuna kilicho chini. Ni ajabu kwamba istilahi hutafutwa mbali ilhali manahodha wa mwambao walikuwa nazo kabla ya ndege kubuniwa. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma. Upepo wa mbele ni upepo wa omo.

Ichukuliwe kwamba mwanagenzi anapaa katika uwanja wa Lanet, Nakuru. Hupaa akiukabili upepo wa omo, kwa kuwa huo huyapa mabawa nguvu mapema. Hukata kushoto, upepo ukimpiga ubavuni. Hukata tena na kwenda sambamba na njia ya kurukia, upepo ukitoka tezi. Mikato miwili zaidi, na njia iko mbele yake. Hukatwa kushoto, isipokuwa uwanja umeagiza vinginevyo, kwa sababu rubani mkuu hukaa kiti cha kushoto na sharti auone uwanja.

Upande wa tezi ndio wenye hadaa. Upepo huisukuma ndege, ardhi ikapita mbio, na mwanagenzi akidhani amezidisha mwendo hupunguza nguvu za injini. Mabawa hayajali kasi ya ardhi. Hubebwa na hewa tu, na hewa ikipungua kasi juu yake ndege huanguka. Nakuru huikuza hadaa hiyo. Katika kimo cha zaidi ya futi 6,000 hewa ni nyepesi, hivi kwamba kipimamwendo kikionyesha noti 70, ndege hukata hewa kwa noti 78 hivi. Upepo wa tezi wa noti 10 ukiongezwa, ardhi hupita kwa noti 88. La kuaminiwa ni kipimamwendo, si dirisha.

Kimo nacho kina mtego wake. Mzunguko wa ndege ndogo aghalabu huwa futi 1,000 juu ya ardhi, lakini kipimakimo huhesabu kutoka usawa wa bahari. Aliyezoea Mombasa husawazisha ndege kipimakimo kikisoma futi 1,200 hivi. Lanet hana budi kungoja kivuke futi 7,000. Hata hapo asiurefushe mzunguko kiholela upande wa kaskazini-magharibi: kilele cha Menengai kina mita 2,278, yaani takriban futi 7,470, na wingu la programu huweza kukificha sawasawa na wingu la kweli.