Je, Wajua? Injini ya Rota Ikikosa Pumzi

Je, wajua kwamba ipo injini ya petroli isiyo na pistoni wala valvu hata moja? Ni injini ya rota, iliyobuniwa na Mjerumani Felix Wankel. Ndani yake mna kipande cha chuma chenye pande tatu zilizotuna kama sambusa iliyojazwa vizuri, nacho huzunguka kwenye chumba cha duaradufu kilichobonyea kiunoni. Mazda RX-8, iliyoingia sokoni 2003 na kuacha kutengenezwa 2012, ina rota mbili za namna hiyo. Kwa hiyo fundi akikuambia RX-8 yako imepoteza kompresheni kwa sababu valvu zimeungua, mshukuru, chukua ufunguo wako, uondoke.

Je, wajua kinachozuia moshi na moto usivuje? Vipande vyembamba vya chuma. Kila ncha ya rota ina sili yake, unene wa milimita 2 tu kwenye RX-8. Ubavuni kuna sili nyingine ndefu zilizopinda, na pale zinapokutana na zile za ncha kuna vijisili vya mviringo vya kuziba kona. Kompresheni ikishuka, karibu kila mara chanzo ni mojawapo ya hizo, au ukuta zinaousugua.

Je, wajua kwamba geji ya kawaida ya kompresheni inaweza kukudanganya mchana kweupe? Rota moja ina vyumba vitatu, na vyote hupita mbele ya tundu lile lile la plagi. Geji ya kawaida ina kivalvu kinachoshika presha ya juu kabisa iliyowahi kufika. Chumba kimoja kikiwa kizima na viwili vimekufa, mshale utaonyesha kile kizima na mwenye gari atarudi nyumbani na furaha. Kipimo cha rota hutoa namba tatu kwa kila rota. Fundi asiyekuwa nacho hutoa kile kivalvu kwenye geji, anapiga stata, na kutazama mshale unavyoruka: moja, mbili, tatu. Miruko ikilingana, vyumba vinalingana. Hatapata namba za kuaminika, ila mruko uliopungua utaonekana.

Na hapo ndipo penye utamu wa kazi hii, maana mpangilio wa namba hutaja mgonjwa. Sili ya ncha husimama kati ya vyumba viwili. Ikivunjika au ikikwama, vyumba viwili jirani hushuka pamoja na cha tatu hubaki kizuri. Sili ya ubavuni hulinda chumba kimoja tu, hivyo ikichoka hushuka kimoja. Vyote sita vikishuka kwa kiasi kilekile, usikimbilie spana. Huenda ni uchakavu wa jumla, huenda ni betri.

Je, wajua kwamba bila kasi ya stata namba hizo hazina maana? Mazda hupima RX-8 injini ikiwa ya moto, kwa mizunguko 250 kwa dakika. Kiwango kizuri ni kilopaskali 830, yaani PSI 120 hivi. Chini ya 680, injini imechoka. Vyumba vya rota moja visipishane zaidi ya 150, na rota mbili zisipishane zaidi ya 100. Stata dhaifu inayozungusha polepole itashusha namba zote hata kwa injini nzima. Kwa hiyo betri ijazwe kwanza.

Je, wajua kwamba RX-8 nzima ya Mombasa inaweza kuonekana mahututi Nairobi? Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano. Piga hesabu: injini inayotoa 830 pwani itatoa takriban 680 huko juu, mpakani kabisa mwa kifo kwa mujibu wa kitabu. Asiyerekebisha namba kwa kimo cha mji atafungua injini isiyo na ugonjwa.

Je, wajua dalili ya kwanza ya kompresheni kushuka? Gari huwaka vizuri asubuhi, halafu hukataa kuwaka likiwa la moto, pale kituo cha mafuta, watu wakikutazama. Oili baridi ni nzito na husaidia kuziba mianya; ikipata moto inakuwa nyepesi na upungufu wa sili hujitokeza.

Je, wajua kwamba kuwasha gari, kulisogeza hatua chache na kulizima kunaweza kuiua kompresheni kwa muda? Petroli ya ziada huosha oili kwenye sili. Dawa: kanyaga aksela hadi chini huku ukipiga stata. Kompyuta ya gari hukata mafuta na chumba hukauka. Gari likigoma bado, oili kidogo kupitia tundu la plagi hurudisha kompresheni.

Lakini oili hiyo hiyo hutumiwa na wauzaji wajanja dakika chache kabla ya mteja kupima. Ukinunua, dai gari liendeshwe kwanza.

Je, wajua kwamba koili ya bei nafuu inaweza kugharimu injini nzima? Koili ikichoka, petroli haichomeki yote. Inaenda kuungulia kwenye kichujio cha moshi, kichujio kinaziba, joto linarudi nyuma, na sili za ubavuni ndizo zinazoumia.

Je, wajua kwamba injini hii hunywa oili kwa makusudi? Pampu maalumu huidondoshea vyumbani kulainisha sili za ncha. Kwa hiyo “hailambi oili” si sifa kwa RX-8. Wengi huongeza pia oili ya pikipiki za stroku mbili ndani ya petroli, nami naona si ubaya.

Je, wajua kwamba injini hii huwezi kuichonga upya ndani? Ukuta wa chumba umepakwa kromu. Ikibanduka, unabadilisha chumba kizima. Bamba za ubavuni huweza kusawazishwa, na sili za ubavuni hupigwa tupa kwa mkono hadi mwanya uwe kati ya milimita 0.05 na 0.15. Ni kazi ya subira, si ya fundi mwenye magari matano yanayomngoja. Ikiwa sili imekwama kwa masizi tu, kuiloweka huweza kuiachia bila kufungua chochote, na ni vyema kujaribu hilo kwanza.

Je, wajua kwamba tatizo la sili liliwatesa wabunifu wenyewe? Kampuni ya NSU ya Ujerumani iliuza Ro 80 kuanzia 1967, sili zikaisha mapema, gharama za dhamana zikailemea. Huko Hiroshima, Kenichi Yamamoto na wahandisi wenzake wa Mazda walikuta ukuta umechanwa mistari, wakaiita kucha za shetani. Waliishinda kwa sili za kaboni na alumini, na Cosmo Sport ikatoka 1967.

Nayo Mazda MX-30 R-EV ya 2023 ina rota moja ya sentimita za ujazo 830 inayozalisha umeme tu. Sili zake za ncha? Zimeongezwa unene, milimita 2.5.