Wakati Uliopita Sahili wa Kiingereza: Jina, Umbo na Matumizi

Miongoni mwa mambo ya sarufi ya Kiingereza yanayowatatiza wanafunzi, walimu na wafasiri wetu, umbo la kitenzi linaloeleza tendo lililokwisha kutendeka lina nafasi ya pekee. Kwa mtazamo wa juu juu, umbo hili halina ugumu wowote: Kiingereza kina kiambishi chake cha mwisho, Kiswahili kina "-li-", na kazi imekwisha. Lakini mtu anayeshika kalamu afasiri ukurasa mmoja tu hugundua mara moja kwamba lugha hizi mbili haziugawi wakati kwa namna moja. Katika makala haya tutaeleza kwanza jina linalofaa kupewa umbo hilo kwa Kiswahili, kisha namna linavyoundwa, na mwisho matumizi yake na njia ya kulifasiri.

Mifano yetu mingi tumeichukua katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, na hasa katika habari za uyeyushaji wa chuma. Tumefanya hivyo kwa sababu moja. Wafipa walikuwa mabingwa wa kazi hiyo: walijenga matanuri marefu ya udongo, yapatayo mita tatu, yaitwayo malungu, ambayo yalivuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini bila kutumia mivukuto, kisha chuma kilichopatikana kikasafishwa katika tanuri dogo lililovuviwa kwa mivukuto. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kazi hiyo ilififia mbele ya vyuma vya madukani vilivyotoka ng'ambo, na yaliyobaki ni magofu ya matanuri na mirundo ya mavi ya chuma. Ufundi uliokwisha haupati msimuliaji mwema ila yule anayejua kuutumia wakati uliopita.

1. Jina

Wanasarufi wa Kiingereza huliita umbo hili kwa jina lenye neno "simple". Wako wanaolifasiri neno hilo kuwa "rahisi", wakasema "wakati uliopita rahisi". Jina hilo halifai. Kinyume cha "rahisi" ni "gumu", na mwanafunzi akisikia wakati rahisi hutazamia kwamba upo wakati mgumu. Wanasarufi hawakukusudia urahisi wala ugumu. Walikusudia kitenzi kinachosimama peke yake pasipo kuandamana na kitenzi kisaidizi. Kwa maana hiyo Kiswahili kinalo neno "sahili", ambalo tayari tunalitumia tunaposema "sentensi sahili", yaani sentensi isiyo ambatano wala changamano. Basi tunapendekeza "wakati uliopita sahili".

Yafaa pia kutenganisha "wakati" na "njeo". Wakati ni jambo la ulimwengu: jana, leo, kesho. Njeo ni jambo la sarufi: ni alama ambayo kitenzi hubeba ili kutuelekeza kwenye wakati. Kwa kawaida mambo haya mawili huenda pamoja, lakini si daima. Chukua sentensi hii ya Kiingereza: "If the rain came early, the furnace would fall." Kitenzi "came" kina njeo ya wakati uliopita, lakini mvua hiyo haijanyesha jana wala juzi, ni mvua ya kudhaniwa tu. Kiswahili hapo hakitumii "-li-", bali husema: "Kama mvua ingenyesha mapema, tanuri lingeanguka." Mwalimu asiyezitenga istilahi hizi mbili atashindwa kumjibu mwanafunzi anayeuliza kwa nini umbo la jana limetumika kwa jambo ambalo halijatokea.

2. Umbo

Vitenzi vya Kiingereza vimegawanyika katika mafungu mawili. Fungu la kwanza, ambalo ndilo kubwa, ni la vitenzi vinavyofuata kanuni. Vitenzi hivi huongezwa "-ed" mwishoni: "smelt", yaani yeyusha, huwa "smelted", "work", fanya kazi, huwa "worked". Kitenzi kinachokwisha kwa "e" huongezwa "d" tu, kama "live" na "lived". Kinachokwisha kwa "y" iliyotanguliwa na konsonanti hubadili "y" kuwa "i", kama "carry" na "carried". Lakini "y" ikitanguliwa na irabu hubaki, kama "play" na "played". Kitenzi kifupi cha silabi moja kinachokwisha kwa irabu moja na konsonanti moja kwa kawaida hurudufu konsonanti hiyo, kama "stop" na "stopped".

Maandishi ni mamoja, lakini matamshi ni matatu. Baada ya sauti isiyo na mghuno, kama ile ya mwisho ya "work", alama hutamkwa "t". Baada ya sauti yenye mghuno, kama ya "live", hutamkwa "d". Baada ya "t" au "d", kama katika "smelt", huongezeka silabi nzima, "id". Msemaji wa Kiswahili, ambaye silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, hupenda kulipa kila neno silabi ya ziada. Yampasa akumbuke kwamba "worked" na "lived" ni maneno ya silabi moja moja, na kwamba "smelted" pekee kati ya hayo matatu ndilo lenye silabi mbili.

Fungu la pili ni la vitenzi visivyofuata kanuni. Ni vichache kwa idadi, lakini ndivyo vinavyotumika kila siku, na vingi vyake ni vya kale kuliko mtindo wa "-ed". Baadhi hubadili irabu ya ndani: "dig", chimba, huwa "dug", "blow", vuvia, huwa "blew". Vingine hubadilika umbo na kupata "t" mwishoni: "bring", leta, huwa "brought", "build", jenga, huwa "built". Viko visivyobadilika kabisa, kama "cut" na "put". Na viko vinavyoazima umbo la kitenzi kingine: "go", enda, huwa "went", ambalo asili yake ni kitenzi "wend". Kitenzi "be", kuwa, ndicho pekee chenye maumbo mawili katika wakati huu: "was" kwa umoja wa nafsi ya kwanza na ya tatu, na "were" kwa nafsi nyingine zote. Vitenzi vya fungu hili havina njia ya mkato. Hujifunzwa kimoja kimoja. Vitenzi vipya vinavyoingia katika Kiingereza, kwa upande wao, huchukua "-ed" karibu vyote.

Msomaji atazame pia mtego mmoja. "Smelt" ni yeyusha, lakini yaweza pia kuwa wakati uliopita wa "smell", yaani kunusa. Mfasiri asiyeutazama muktadha ataandika kwamba mafundi walinusa chuma.

3. Kukanusha na kuuliza

Hapa ndipo makosa mengi ya wanafunzi wetu hutokea. Katika kukanusha, Kiingereza huleta kitenzi kisaidizi "did", na kitenzi kikuu hurudi katika umbo lake la asili: "They dug" huwa "They did not dig". Katika kuuliza huwa "Did they dig?" Mwanafunzi huandika "They did not dug" au "Did they dug?" Sababu yake si uvivu. Katika Kiswahili, "Walichimba" ikiwa swali hubaki vilevile: "Je, walichimba?" Alama ya njeo haihami. Mwanafunzi huihamisha tabia hiyo ya lugha anayoijua.

Kanuni ya kumsaidia ni hii: katika kauli sahili ya Kiingereza alama ya wakati uliopita hutokea mara moja tu. "Did" ikiichukua, kitenzi kikuu huiacha. Wala jambo hili si geni kwetu kabisa. Katika kukanusha, Kiswahili nacho huiondoa "-li-" na kuweka "-ku-" mahali pake: "walichimba", lakini "hawakuchimba". Hakuna asemaye "hawakulichimba" kwa maana hiyo. Mwalimu akianzia hapo, mwanafunzi ataona kwamba lugha zote mbili hukataa kubeba alama mbili.

4. Matumizi

Matumizi ya kwanza ni kutaja tendo lililokwisha katika wakati unaojulikana. "Rukwa became a region in 1974": "Rukwa ilikuwa mkoa mwaka 1974", au kwa ufasaha zaidi, "Rukwa ilifanywa mkoa mwaka 1974". Umbali wa wakati haujali. Tendo la asubuhi ya leo na tendo la karne iliyopita huchukua umbo lilelile. Katika jambo hili Kiingereza na Kiswahili ni ndugu, na ni lugha zetu nyingine nyingi za Kibantu zinazokwenda mbali zaidi. Kihaya, kwa mfano, hutenga nyakati tatu zilizopita: "twakoma", tulifunga leo, "tukomile", tulifunga jana, "tukakoma", tulifunga kabla ya jana. Mwalimu wa Sumbawanga mwenye wanafunzi wanaosema Kifipa, Kimambwe au Kirungu nyumbani atafanya vema kuwauliza kwanza jinsi lugha zao zinavyoigawa jana na juzi, kabla ya kuwaambia kwamba Kiingereza hakijali tofauti hiyo.

Matumizi ya pili ni masimulizi ya matendo yanayofuatana. "They dug the ore, carried it to the furnace, filled the furnace with charcoal and ore, and lit the fire." Kiswahili hutaja "-li-" mara moja na kuendelea kwa "-ka-": "Walichimba mtapo, wakaubeba hadi kwenye tanuri, wakalijaza makaa na mtapo, wakawasha moto." Hiyo "-ka-" huutegemea wakati wa kitenzi kilichotangulia, Kiingereza hakina kitu cha namna hiyo, na kila kitenzi chake hubeba alama yake mwenyewe. Mwanafunzi anayeandika "They dug the ore and carry it" anatafuta "-ka-" mahali ambapo haipo. Na mfasiri anayeandika "walichimba, walibeba, walijaza, waliwasha" ametoa Kiswahili kinachoeleweka, lakini ameuvunja mfuatano. Msomaji hana hakika tena ni lipi lililotangulia.

Matumizi ya tatu ni mazoea ya zamani. "The smelters built their furnaces near the woods." Hapa "built" si tendo la siku moja, ni desturi. Wafasiri wengi, wakiona desturi, hukimbilia "hu-": "Mafundi hujenga matanuri yao karibu na misitu." Kosa hili si dogo. "Hu-" haina wakati uliopita ndani yake, na msomaji atafahamu kwamba kazi hiyo ingali ikifanyika. Ufundi uliokufa unafufuliwa kwa silabi moja. Kifaacho ni "walikuwa wakijenga", au "walijenga" pamoja na neno kama "kwa desturi" au "siku zote".

5. Tofauti ya "-li-" na "-me-"

Kiingereza hutenga tendo lililokwisha katika wakati wake, "arrived", na tendo lililokwisha ambalo matokeo yake yangalipo, "has arrived". Kwa kawaida la kwanza huelekea "-li-" na la pili "-me-". Lakini ulinganifu huo una mipaka miwili. Kwanza, katika mazungumzo yetu husikika "Amefika jana". Kiingereza sanifu hakikubali "has arrived" pamoja na "yesterday", kwa kuwa jana ni wakati uliofungwa. Pili, "-me-" hueleza hali pia: "amechoka" na "amelala" kwa Kiingereza hutolewa kwa wakati uliopo, "is tired" na "is asleep". Anayelinganisha kiambishi kwa kiambishi bila kutazama maana atakosea katika pande zote mbili.

6. Usemi wa taarifa

Tumelibakiza mwisho jambo lenye uzito kuliko yote. Kiingereza, kikitaarifu maneno ya mtu, hurudisha nyuma njeo ya maneno yale. Mtu husema "I own the plot", mwandishi huandika "He said that he owned the plot." Kiswahili hakifanyi hivyo. Husema: "Alisema kwamba anamiliki kiwanja." Mfasiri akifuata umbo na kuandika "Alisema kwamba alimiliki kiwanja", msomaji wa Kiswahili atafahamu kwamba kiwanja kilikuwa chake zamani na sasa si chake tena.

Mwaka 2021, kwa Sheria Na. 1 ya mwaka huo, Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Hukumu na kumbukumbu nyingi zilizoandikwa kwa Kiingereza zinahitaji kufasiriwa, na zimejaa usemi wa namna hii. Katika mahakama ya mwanzo ya kijijini au katika Mahakama Kuu, Kanda ya Sumbawanga, tofauti ya "anamiliki" na "alimiliki" yaweza kuwa tofauti ya mwenye shamba na asiye na shamba. Kanuni tunayoipendekeza ni hii: mfasiri ajiulize shahidi alitamka maneno gani kwa kinywa chake, kisha aipe kauli hiyo njeo ambayo shahidi mwenyewe angeitumia. Kiingereza kikisema "had owned", hapo ndipo "alikuwa akimiliki" inapopata mahali pake.

Kwa jumla, basi, tunawasihi walimu na wafasiri watumie "wakati uliopita sahili" na kuacha "rahisi". Watenge wakati na njeo. Wala wasiifanye "-li-" kuwa jibu la kila "-ed". Wasomaji wenye mifano kutoka Kifipa na lugha nyingine za uwanda ule, hasa kutoka kwa wazee wanaoyakumbuka majina ya kazi za malungu, tunawaomba watuandikie, ili istilahi za ufundi ule nazo zipate kuhifadhiwa.