Kuchagua tairi la pikipiki: upana si usalama

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika ripoti yake iliyotolewa mwezi Disemba mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walipoteza maisha katika ajali za barabarani mwaka 2021. Takriban mmoja kati ya kila watano alikuwa kwenye chombo chenye injini cha magurudumu mawili au matatu.

Chanzo cha ajali hizo si kimoja. Hata hivyo, pikipiki ina udhaifu ambao gari halina: hugusa barabara kwa sehemu mbili tu, na kila sehemu haizidi sana ukubwa wa kiganja. Breki zikikamatwa, kona ikikatwa au mzigo ukiongezwa, nguvu zote hupitia katika vipande hivyo viwili vya mpira.

Afrika Mashariki, ambako bodaboda zilianza kama baiskeli za kuvusha watu kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, pikipiki leo ni ofisi na shamba la maelfu ya vijana. Baadhi yao walinunuliwa chombo hicho na ndugu walio ughaibuni, ambao pia hupokea simu kila matengenezo yanapohitajika. Fedha za tairi zinapoombwa, swali la kwanza huwa ni bei. Lakini yapo maswali mengine, na majibu yake yamechapwa ubavuni mwa tairi lenyewe.

Namba zinasema nini?

Pikipiki nyingi ndogo za biashara, zenye injini ya ukubwa wa sentimita za ujazo 100 hadi 150, hutumia tairi la 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, na ya pili ni kipenyo cha rimu, pia kwa inchi. Pikipiki kubwa huandikwa kwa mtindo mwingine, kwa mfano 120/70 ZR 17. Hapo 120 ni upana kwa milimita, na 70 ni kimo cha ubavu kikiwa ni asilimia ya upana huo. Herufi R humaanisha kuwa nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, badala ya kupishana mshazari kama ilivyo katika matairi mengi ya pikipiki ndogo.

Baada ya vipimo hivyo hufuata namba na herufi ambazo wanunuzi wengi huzipuuza, mathalan 50P. Namba 50 inaeleza kuwa tairi limetengenezwa kubeba uzito usiozidi kilo 190, na P inaeleza mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Kwa bodaboda, mwendo huo si tatizo. Tatizo ni uzito.

Chukua mfano wa pikipiki yenye kilo 115 na dereva wa kilo 70. Gurudumu la nyuma hubeba takriban nusu ya uzito wa pikipiki na sehemu kubwa ya uzito wa dereva, yaani kilo 105 hivi. Akipanda abiria mmoja wa kilo 70, karibu uzito wake wote huangukia nyuma, na jumla hufika kilo 175. Tairi la 50P linaweza kuuhimili. Akiongezwa abiria wa pili, ule mtindo ambao Watanzania huuita mishikaki, mzigo hufika kilo 245, na tairi limezidiwa kwa zaidi ya kilo 50. Mpira hupinda kupita kiasi, hupata joto, na tabaka zake huanza kuachana. Tairi la namna hiyo huweza kupasuka siku nyingine kabisa, likiwa na abiria mmoja tu.

Tairi pana zaidi?

Vijiweni imeenea imani kwamba tairi pana hushika barabara vizuri zaidi. Imani hiyo ina ukweli pale tu ambapo rimu, injini na fremu vimesanifiwa kwa ajili yake. Tairi pana likivishwa rimu nyembamba, kingo zake hubanwa na sehemu ya juu huvimba kama mgongo wa kobe. Eneo linalogusa barabara halikui kama ilivyotarajiwa, na pikipiki huwa nzito kuingia kwenye kona.

Kuna hesabu nyingine. Tairi la 3.00-17 lina kipenyo cha takriban inchi 23. Likibadilishwa na la 3.50-17, kipenyo hufika inchi 24 hivi, yaani ongezeko la karibu asilimia 4. Injini ndogo hulazimika kusukuma gurudumu kubwa na zito zaidi, jambo linaloonekana mlimani. Tairi pia huweza kugusa mnyororo au madigadi, hasa abiria anapoketi na springi zikashuka.

Kwa hiyo, anayetaka kuboresha matairi hana budi kuanza na kipimo kilichoelekezwa na mtengenezaji wa pikipiki, kisha atafute ubora zaidi ndani ya kipimo hicho: uwezo mkubwa zaidi wa kubeba, mpira unaoshika vizuri kwenye maji, na mifereji inayolingana na barabara. Mifereji yenye vipande vikubwa vilivyoachana hufaa kwenye tope na vumbi, lakini juu ya lami iliyolowa huacha mpira kidogo ukigusa barabara. Mwenye kupita lami asubuhi na njia ya shamba jioni hufaidika na tairi la mchanganyiko.

Tyubu au bila tyubu

Tairi lenye tyubu likichomwa na msumari, upepo huweza kuisha ghafla, na dereva akapoteza mwelekeo. Tairi lisilo na tyubu, kwa kawaida, hupoteza upepo polepole na kumpa dereva nafasi ya kusimama. Hayo ni maboresho ya kweli, lakini yana sharti: rimu iwe imetengenezwa kwa matairi hayo. Rimu ya kawaida ya spoki huvujisha upepo kwenye matundu ya spoki, na hapo tyubu haiepukiki. Kila tairi jipya livishwe pamoja na tyubu mpya, kwa sababu tyubu ya zamani imekwisha kutanuka na huweza kujikunja ndani.

Jipya dukani, kuukuu kwa umri

Tairi huzeeka hata lisipotumika. Jua na hewa hukausha mpira, nao ukaanza kupasuka nyufa ndogondogo. Matairi mengi huwa na alama ya herufi DOT, na baadhi ya mafungu ya namba yanayofuata huishia na tarakimu nne. Tarakimu 2319, kwa mfano, humaanisha kuwa tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililoning'inizwa juani mbele ya duka kwa miaka mingi si jipya, ingawa halijawahi kukanyaga barabara.

Kuchakaa nako kuna kipimo. Nchini Uingereza, pikipiki yenye injini inayozidi sentimita za ujazo 50 lazima iwe na mifereji yenye kina cha angalau milimita 1 katika robo tatu ya upana wa tairi, na robo iliyobaki mifereji ionekane. Popote pale, mifereji ndiyo inayotoa maji chini ya gurudumu. Tairi lenye kipara huelea juu ya maji, na breki hapo haisaidii.

Upepo na siku za mwanzo

Tairi bora lenye upepo pungufu ni hatari kuliko la bei nafuu lenye upepo sahihi. Upepo upimwe kabla ya safari, tairi likiwa baridi, na kiwango kifuate kitabu cha pikipiki, ambacho hutaja kipimo cha dereva peke yake na kile cha kubeba abiria. Kupiga tairi teke si kipimo.

Tairi jipya nalo huwa na utelezi wa kiwandani. Katika kilomita 150 hivi za mwanzo, dereva anashauriwa kulala kwenye kona kwa tahadhari na kukamata breki taratibu. Mshale ulio ubavuni uelekee upande ambao gurudumu huzunguka.

Anayetuma fedha kutoka mbali, basi, anaweza kuuliza mambo manne kabla ya kuuliza bei: kipimo cha tairi, namba ya uzito, tarakimu za mwaka, na aina ya rimu. Picha moja ya ubavu wa tairi na nyingine ya gurudumu zinatosha kuyajibu yote.