Siku Moja Ziwani: Kutoka Minova Mpaka Kituku

Ndugu msomaji, sisi watu wa Kitshanga ni watu wa milima. Twajua ng'ombe, maziwa, jibini, viazi na matope ya barabara. Maji mengi twayajua kwa kuyatazama kwa mbali. Zamani mtu wa kwetu aliyetaka kwenda Goma alipanda lori alfajiri, akaketi juu ya magunia, akapita Kilolirwe na Sake, na baada ya kilomita zipatazo 80 akafika mjini, vumbi tele kichwani. Nani alifikiri habari za mashua?

Lakini Januari 2023 vita vilifika Kitshanga, tukatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Mimi na jamaa zangu tulikwenda kupanga Minova, ufukoni mwa Ziwa Kivu. Tena Februari 2024 mapigano yakaifunga barabara ya kutoka Minova kwenda Goma. Basi muhogo, maharage, ndizi, makala, mbuzi na wanadamu, vyote vikaanza kupita majini.

Mwanzo wa Septemba mwaka huo ilinipasa kumpeleka mpwa wangu, mvulana wa miaka kumi na miwili, kwa shangazi yake huko Goma akaanze masomo. Tulifika ufukoni kabla ya jua. Mashua ya mbao yenye mota ilikuwa ikipakiwa. Wachukuzi waliingia majini mpaka kiunoni, gunia begani, wakipiga kelele. Nililipa nauli, tukapanda, tukajibana katikati ya mikungu ya ndizi.

Watu wakazidi kupanda. Karibu yetu alikaa mama mmoja mzee, muuzaji wa maharage. Alichungulia nje, akaona ubavu wa mashua umebakiza kama shibiri moja tu juu ya maji. Akasimama.

“Mama, keti, tunaondoka!” wakamwambia.

“Ondokeni, wanangu. Mimi nashuka.”

Watu wakacheka. Mmoja akamwuliza kama ameota ndoto mbaya. Yeye hakumjibu, bali alinigeukia mimi, kwa kuwa mpwa wangu alikuwa ameniita mwalimu mbele yake. “Mwalimu,” akasema, “wewe wafundisha hesabu. Basi hesabu.”

Nikahesabu. Nilipofika watu themanini nilikuwa sijafika nusu ya mashua, na magunia bado. Makoti ya kuelea niliyoyaona yalikuwa manne, yamefungwa pamoja kwa kamba chini ya benchi. Niliona haya kwamba mimi niliyesoma nilikuwa nimekaa kimya, na mama asiyejua kalamu ndiye aliyeona. Nikamshika mtoto mkono, tukashuka. Mkusanyaji wa nauli alikataa kabisa kunirudishia fedha. Mtoto alilia, akiogopa kukosa siku ya kwanza ya shule.

Saa tano tulipata mashua nyingine, ndogo zaidi, yenye mizigo ya kadiri. Mama yule naye alikuwamo. Niwaambie kweli: mimi mtu wa milima niliushika ubao kwa mikono miwili mpaka vidole vikafa ganzi. Mpwa wangu, aliyekwisha kunyamaza, akaanza maswali.

“Mjomba, kuna mamba humu?”

Nikamjibu kwamba Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko. Lakini ni ziwa refu kwenda chini, zaidi ya mita 400 mahali penye kina kikubwa, na huko chini mmejaa gesi. Jirani zetu wa Rwanda huivuta wakaifanya umeme. Nikamweleza pia kwamba zamani sana maji ya nchi hii yalielekea kaskazini, mpaka milima ya moto ya Virunga ilipoziba njia. Ndipo maji yakapanda, yakafanya ziwa, na leo humwagika kusini kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika.

Kuliani tuliona kisiwa cha Idjwi, kirefu, cha buluu. Kushotoni vilima vya Masisi vilisimama, na nyuma yake ndiko kwetu, hatukusema neno. Tulipishana na wavuvi wa sambaza waliochelewa kurudi: mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, taa za usiku zimezimwa, wanapiga kasia kwa wimbo. Samaki hao wadogo si wenyeji wa hapa. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Mbele yetu Nyiragongo ulizidi kukua, moshi kileleni. Mlima huo ulimwaga moto mpaka katikati ya Goma mwaka 2002. Kisha tukaona pwani ya mawe meusi, na juu yake mahema meupe yasiyohesabika ya Bulengo, walikoishi wakati ule wakimbizi wengi. Mama wa maharage akafanya ishara ya msalaba. Baada ya mahema, nyumba za mabati. Baada ya mabati, nyumba za ghorofa zenye bustani ufukoni. Na wanawake wakiteka maji kwa bidoni za njano. Saa tisa tulishuka Kituku, sokoni, kati ya makelele na harufu ya samaki, na vijana wa chukudu wakagombania magunia yetu.

Je, ile mashua ya kwanza? Ilikuwa imefika salama saa nyingi kabla yetu. Kijana mmoja aliyekuwamo alituona, akatucheka tena. Sikuwa na jibu.

Lakini tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilipinduka karibu na bandari hiyo hiyo ya Kituku, hata watu walioko nchi kavu waliiona ikilala ubavu. Makumi ya watu walikufa, na jamaa nyingi hazikupata hata mwili wa kuzika.

Ndugu zangu, mtego uko hapa: mashua iliyozidiwa hufika leo, hufika kesho, na kila inapofika hutufundisha kumcheka mwenye hofu. Tusiwalaumu wasafiri peke yao. Njia ikifungwa na watoto wana njaa, mtu hupanda kinachoondoka. Mwenye chombo anayepokea nauli ya mia kwa nafasi ya hamsini, huyo ana deni la roho za watu.

Tangu siku ile nina hesabu moja ninayowapa wanafunzi. Gunia la maharage la kilo 100 lina uzito wa watu wangapi kama ninyi? Wakijibu watatu, nawaambia waandike: watatu wasioonekana, lakini maji huwaona. Kisha nawaambia waende nyumbani wakawafundishe wazazi wao.