Soya ya Farasi: Iive, Isiungue

Farasi jike wa kilo 500 aliyezaa juzi huhitaji gramu 84 hivi za laisini, kijenzi kimoja cha protini, kwa siku. Asiye na mimba wala kazi hutosheka na 27. Hayo ni makadirio ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya mwaka 2007. Nusu kilo ya mahindi humpa gramu moja na ushei tu. Nusu kilo ya soya nzima humpa kama 11, na mafuta juu yake.

Ila isiwe mbichi. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya cha kongosho kinachokatakata protini. Kwa farasi hilo ni hasara kubwa, maana protini isiyomeng'enywa kwenye utumbo mwembamba huishia utumbo mpana, ambako bakteria huigeuza amonia. Mwaka 1917 watafiti Osborne na Mendel walionyesha kuwa panya hukua vizuri zaidi soya ikipikwa.

Joto huviharibu vizuizi. Likizidi, laisini hushikamana na sukari za punje na mnyama haipati tena, ingawa maabara itasoma protini ile ile. Kwa hiyo maandishi ya kwenye mfuko wa chakula, "protini asilimia 36", yanaweza kuwa kweli tupu na yasimfae farasi.

Kipimo cha haraka ni cha yurease, kimeng'enya cha soya kinachokufa kwa joto linaloua vizuizi. Soya husagwa, ikamwagiwa maji ya yurea yenye fenoli nyekundu. Unga ukigeuka mwekundu upesi, soya bado mbichi. Vidoa vichache si neno. Pasipo kidoa hata kimoja, ama imeiva sawasawa ama imeungua, na kipimo hiki hakitakuambia ipi. Hapo maabara hupima protini inayoyeyuka katika hidroksidi ya potasiamu: chini ya asilimia 70 ni dalili ya kuungua.

Usiamini rangi ya ganda. Pasua punje: nje kahawia na ndani bado rangi ya ubichi maana yake moto ulikuwa mkali na wa haraka mno.

Mashudu ya viwanda vikubwa hupitishwa kwenye joto wakati wa kuondoa kiyeyushi cha kutolea mafuta. Ya mashine ndogo ya kukamua bila joto mimi huyahesabu kuwa mabichi mpaka yapimwe.

Soya iliyokaangwa ikishasagwa, mafuta yake huchacha upesi. Saga ya siku chache tu.